Shikamoo ya Lastiki

Mkinikuta Tabata napita zangu, traksuti ya bluu, filimbi shingoni, halafu mkasikia mtu kwenye kibanda cha chipsi anapaza sauti "Marahabaaa!" wakati mie hata mdomo sijafungua, msicheke. Nawaomba kwa upole kabla sijaomba kwa ukali. Watoto wa shule ya msingi, ambao kwa umri wao ndio walipaswa kuniamkia, wananiitikia salamu ambayo sijawapa! Mzee mzima, mvi zimejaa kichwani, naitikiwa na darasa la tatu. Na kinachonichemsha damu zaidi ni kwamba aibu hii kuna watu walinisaidia kuipata, tena kwa bidii, lakini mlango niliwafungulia mwenyewe, siku niliyosema, "Haya, kidogo."

Nyie mnanijua kama Kocha Deo, lakini zamani nilikuwaga mchezaji wa maonyesho. Si wa ligi, wa maonyesho. Tulikuwa na kundi letu tunazunguka mashuleni, kwenye sherehe, kwenye uzinduzi wa sabuni, tunacheza basketi ya kuchekesha watu, unazungusha mpira kidoleni huku unakunywa soda, unampitisha refa mpira katikati ya miguu, unafunga ukiwa umeipa ringi mgongo, na timu ya kufungwa tulikuwa tunakuja nayo wenyewe kwenye gari letu hilo hilo. Watu walikuwa wanacheka mpaka wanashika mbavu. Na mie ndiye nilikuwa namba moja, sijisifu (najisifu, lakini ni kweli).

Jina langu lilipanda kwa mchezo mmoja tuliouita "shikamoo." Nilikuwa na mpira uliofungwa lastiki nyeusi ndefu, na mwisho wa lastiki kuna ndoano naipachika kwenye mkanda kiunoni. Katikati ya mechi nasimama, naenda kwa watazamaji, natafuta mzee mwenye heshima zake, nainama, nampelekea mpira kwa mikono miwili na uso wa adabu kabisa, "Shikamoo, mzee!" Sasa nani aamkiwe hivyo asiitikie? Mzee anasema marahaba, ananyoosha mikono apokee, mie naachia, mpira unarudi tumboni kwangu paa! Mzee anabaki ameshika hewa. Uwanja unavunjika. Nimewafanyia wazee wengi mno, wengine wakacheka, wengine wakanuna, na mie siku hizo kununa kwa mtu sikukuona kama ni kitu.

Magoti yakaja kuchoka, kundi likasambaratika, nikageukia ukocha. Nikakusanya mabinti wa mtaani, nikawafundisha basketi ya kweli, ya kukaba na kukimbia na kutii. Na hapa ndipo hasira zangu zilipoanzia, maana hakuna aliyenichukulia siriazi! Naongea na wazazi kuhusu mazoezi, mzazi ananijibu, "Kocha, hebu zungusha kwanza mpira kidoleni." Naenda kuomba uwanja, mlinzi anataka shikamoo ya lastiki. Nikaapa: mbele ya timu yangu sifanyi kichekesho tena. Mpira ule nikauacha chini kabisa ya begi (ningeutupa siku ile, leo nisingekuwa nawasimulia haya, lakini mtu na kitu chake cha zamani, mnajua wenyewe).

Nahodha wangu alikuwa binti anaitwa Somoe. Mabinti wengi wanacheza kwa nguvu, Somoe alikuwa anacheza kwa akili, anaona nafasi kabla haijafunguka. Na alikuwa na adabu ya nyumbani kwao, akimwamkia mkubwa lazima akunje goti, hata kama ana jasho, hata kama timu imetoka kufungwa. Baba yake ni mchonga vinyago aliyetokea kusini, mtu mfupi wa maneno, mdogo kwangu kwa umri (shikeni hilo la umri, lina kazi yake mbele). Kulikuwa na shule moja ya bweni ya wasichana, huko mbele ya Kibamba, inachukua mabinti wanaojua basketi na kuwasomesha bure, na mwalimu mkuu wake, mama tuliyemwita Madam, alikuwa amekubali kuja kuwa mgeni rasmi kwenye fainali yetu ya mtaa ili aone vipaji. Mie nilikuwa nishampigia hesabu Somoe. Kilichobaki ni baba.

Nikamfuata kibandani kwake. Akanisikiliza huku anasugua kinyago msasa, halafu akasema, "Kocha, mie nakujua. Nilikuona zamani ukimchezea mzee wa watu shere na mpira wako. Mwanangu unamfundisha mchezo au unamfundisha kuwa kichekesho?"

"Mchezo, Baba Somoe! Zile zilikuwa enzi."

"Basi nitakuja hiyo siku ya fainali. Nikiona mchezo, ataenda hiyo shule. Nikiona kichekesho, anapanda basi kwenda Masasi kwa shangazi yake, akamsaidie duka."

Haya, siku ikafika, Jumamosi. Uwanja umejaa, turubai limefungwa, meza kuu imetandikwa kitambaa cheupe, maji na soda zimepangwa, kombe linang'aa, na Baba Somoe amekaa kiti cha plastiki pembeni, vumbi la mbao bado liko kwenye suruali. Kila kitu kipo isipokuwa mgeni rasmi. Foleni ya Barabara ya Morogoro, tukaambiwa. Jua likawaka, watu wakaanza kujipepea na makava ya madaftari, wengine wakainuka wakaondoka. Mshereheshaji wetu, kijana mmoja anajiita MC Chachandu (jina la kachumbari ya pilipili, lilipaswa kunionya), akanifuata ananong'ona, "Kocha, watu wanatoka. Zungusha mpira kidogo tu."

"Sizungushi."

"Kidogo tu, Kocha. Wakiondoka wote Madam anakuta uwanja mtupu."

Ningemfukuza. Wallahi ningemfukuza. Lakini nikatupa jicho pembeni nikamwona Baba Somoe ameinuka kitini, anaangalia saa kwenye simu, anajipukuta suruali ili aondoke. Akiondoka kabla ya mechi, hajaona mchezo, na asipoona mchezo ni Masasi. Ndiyo nikasema lile neno, "Haya, kidogo," nikachukua mpira nikauzungusha kidoleni. Watu wakarudi! Nikauhamishia kidole cha pili, nikaupitisha mgongoni, makofi yakanipanda kichwani kama togwa iliyolala, na Chachandu kwenye maiki anapiga kelele, "Mnaitaka ile? Mnaitaka ile?" na uwanja mzima unajibu, "Shi-ka-moo! Shi-ka-moo!"

Mngenishika mkono jamani. Nikaenda kwenye begi, nikautoa. Nikampelekea Chachandu mwenyewe, nikainama, "Shikamoo, mzee!" Akajifanya babu, akaitikia kwa sauti ya kutetemeka, akashika hewa, watu wakaanguka. Hata Baba Somoe alikuwa amekaa tena. Mie kwa ujinga wangu nikajiambia, unaona, amependa! (Hakupenda. Alikuwa ananihesabia.)

Hapo hapo gari la Madam likaingia, honi pii pii, na mbio zikaanza. Sasa sie watu wa maonyesho tuna tabia moja, mpira wa lastiki hauachwi hivi hivi, lastiki ikijisokota umeshaharibu kazi, kwa hiyo ukimaliza tu unachomoa ndoano kiunoni unaipachika kwenye kitu kilichosimama, nguzo, mguu wa kiti, chochote. Mkono ukaenda wenyewe. Nikapachika ndoano kwenye mguu wa meza kuu, nikausukuma mpira chini ya kitambaa, nikaukwapua mpira wa mechi nikauweka kwapani, nikakimbia kujipanga kumpokea mgeni.

Madam alikuwa mama mrefu, gauni la kitenge, miwani, na wigi la maana, lile ambalo ukiliona unajua limenunuliwa kwa mipango. Akasalimia watu, mabinti wanapasha kwa mbio pembeni, akafika mbele ya meza kuu, na Chachandu asiyejua kunyamaza akatangaza kwamba sasa mgeni rasmi atarusha mpira wa ufunguzi, "Nahodha, lete mpira! Mpira, haraka!" Somoe akatazama huku na huku. Mpira wa mechi ulikuwa wapi? Kwapani kwangu mie, nimeubana, natabasamu! Mtoto akaona mpira chini ya meza, akauchukua, kwa haraka ile lastiki hakuiona, akaenda mbele ya Madam, akakunja goti mpaka likagusa saruji, akanyoosha mikono miwili.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba, mwanangu, hujambo?"

Waliokuwa mbele wakaanza kucheka, wanajua ile mikono miwili na ile shikamoo inaishaje. Madam akadhani wamefurahi, naye akatabasamu. Mpira akaupokea vizuri tu, lastiki ilikuwa bado imelegea. Kama angerushia pale pale yangekwisha. Lakini Chachandu! "Madam asogee mbele kidogo! Mbele kidogo, karibu na ringi!" Na Madam, mtu wa watu, akasogea. Akasogea tena. Ndipo nikaona kitambaa cha meza kuu kinatembea.

Nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote, "Madam, usiachie!" Lakini uwanja wenyewe ulishaiona lastiki ile nyeusi imenyooka, na uwanja wa Dar mnaujua, badala ya kumwokoa mama wa watu wakaitikia kwa pamoja, "Achia! Achia!" Mama akasikia achia. Akainua mpira juu ya kichwa kwa mikono miwili, akarusha.

Mpira ulienda mbele kama hatua moja, ukasita, ukarudi. Ukapita kichwani kwa Madam, ukaondoka na wigi, miwani ikaruka kivyake, ukaenda kupiga meza kuu katikati, mguu wa meza ukakunjika, soda, maji, kombe, vyote chini. Nywele za Madam zikabaki zimesukwa twende kilioni, nyeupe kwa mvi, mbele ya mtaa mzima. Wakacheka! Watu wazima, wazazi, wenye watoto wao, wanacheka huku wamenyanyua simu wanarekodi. Sijawahi kuwachukia binadamu kama dakika ile.

Lakini subirini, bado. Wigi lilikuwa limeangukia miguuni kwangu. Nikaliokota, nikalipukuta vumbi, nikamwendea Madam, nataka kumwomba radhi, na kwa kuwa ni mtu mkubwa nikainama, na kwa kuwa ni kitu chake cha heshima nikakishika kwa mikono miwili, na ulimi, huu ulimi wangu uliozoea, badala ya kusema samahani ukasema, "Shikamoo, Madam."

Uwanja ulipasuka. "Usipokee! Itarudi hiyo!" Madam, masikini, alikuwa ameshaanza kunyoosha mkono, akaurudisha haraka. Na Chachandu, Mungu anamwona, akaweka maiki mdomoni akavuta kwa sauti iliyofika mtaa wa pili, "Marahabaaa!" Hicho ndicho kipande mlichokiona kwenye simu zenu, kile walichokipachikia mdundo wa singeli, mie nimeinama na wigi mikononi naenda mbele narudi nyuma, mbele nyuma. Aliyekitengeneza simjui, na aombe nisimjue.

Ambacho kwenye kipande hakionekani ni Somoe. Aliokota miwani ya Madam, akaifuta kwa jezi, akampa, halafu akabaki pale pale amepiga goti, hajui ainuke au abaki, maana kicheko kilianzia kwake na hakuna aliyemwambia kwamba anachekwa mtu mwingine. Baba yake akaja taratibu, hakukimbia. "Inuka, mwanangu." Akamshika mkono. Aliponipita akaniambia kwa sauti ya chini kabisa, "Jumatatu basi la Masasi."

Mechi tulicheza bila nahodha na tukafungwa, siwezi kuieleza, sikuiona. Madam alifungwa khanga kichwani na mama mmoja, akakaa kwenye kiti mpaka filimbi ya mwisho, mgongo umenyooka. Kisha akaniita. Nikaanza, "Madam, kwa niaba ya..." akainua kiganja.

"Yule binti aliyeniamkia, ndiye nahodha?"

"Ndiye, Madam."

"Uwanja mzima ulikuwa unacheka. Yeye aliniokotea miwani. Nilimtazama pia akipasha wakati nasalimia watu, namwona ana mchezo. Jumatatu asubuhi namtaka shuleni, aje na mzazi wake."

"Tutakuja, Madam, bila kukosa!"

"Wewe usije."

Jumapili nikaenda kibandani kwa Baba Somoe. Njia nzima naitikiwa. Bodaboda, marahaba. Muuza maji, marahaba. Mtu katoka kanisani, biblia mkononi, marahaba! Nikafika nimevimba. Wachonga vinyago wenzake wamekaa kwenye magogo yao, patasi zinagonga, yeye hakuinua uso. Nikamweleza yote ya Madam, kwamba nafasi ipo, kwamba mtoto anatakiwa kesho. Kisha nikamwaga hasira, nikamsema Chachandu, nikawasema wenye simu, nikausema uwanja mzima, kwamba wamemwonea mtoto, wameniharibia.

Akaniacha mpaka nikaishiwa. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Jana jioni mjumbe wa mtaa alikuja nyumbani. Somoe hakumwamkia. Mwanangu, Kocha! Nikamuuliza, umekuwaje? Akaniambia, 'Baba, nikiamkia watu watacheka.'" Akaweka patasi chini. "Chachandu ana makosa, na wenye simu wana makosa. Lakini kuicheka shikamoo walifundishwa na nani?"

Nikaokota kipande cha mbao chini, nikakigeuza geuza.

"Niamkie," akasema.

"Nini?"

"Niamkie mie. Kwa adabu, na goti, kama alivyofanya mwanangu. Hapa hapa, mbele za watu."

Jamani! Mie nimwamkie yeye? "Baba Somoe, mie ni mkubwa kwako! Mie nacheza mbele za watu wewe ulikuwa bado unatumwa chumvi dukani!"

"Najua."

Patasi zote zilikuwa zimenyamaza. Niligeuka niondoke, kweli kabisa, nilipiga hatua mpaka barabarani, nasema moyoni huyu mtu ana kiburi na mtoto ni wake, afanye atakalo. Halafu nikamwona mawazoni Somoe kwenye basi na begi lake magotini, akili yote ile inaenda kupanga sabuni kwenye rafu. Nikarudi. Nikakunja goti, lile lile bovu, likalia kwaa, nikasema, "Shikamoo."

Wakacheka. Mmoja akasema, "Angalia isirudi!" wakacheka zaidi. Baba Somoe hakuitikia. Alinitazama tu, na mie nimeinama, jasho linaingia machoni, na hapo nikawakumbuka wazee niliowaacha wameshika hewa, mmoja mmoja, nyuso zao. Kicheko kilipokwisha kabisa ndipo akasema, "Marahaba." Akanishika mkono akaniinua. "Umeiona ilivyo?"

"Nimeiona."

"Ataenda shule. Kesho nampeleka mwenyewe. Lakini kwako harudi."

Na hakurudi. Anafundishwa na kijana fulani ambaye, nimesikia, hata kuzungusha mpira kidoleni hawezi, na labda ndiyo afadhali. Chachandu hatuongei mpaka leo. Lastiki nimeikata, nimefungia mlango wa banda la kuku la mke wangu, na mlango wenyewe ukiachiwa unarudi paa, kila asubuhi, unanikumbusha.

Likizo iliyopita nilikuwa uwanjani napanga mabinti wadogo, nikamwona Somoe anapita na begi la shule mgongoni, amerefuka. Akanijia moja kwa moja, akakunja goti. "Shikamoo, Kocha." Sijafungua mdomo, kibanda cha chipsi kikanitangulia, "Marahabaaa!" na watu wakaangua kicheko. Nikasema basi, anainuka anakimbia, na mie nimemponza mara ya pili. Hakuinuka. Hakugeuka hata kuwatazama. Alibaki na goti lake chini, ananitazama mie tu, anasubiri, mpaka wakachoka wenyewe wakanyamaza. Ndipo nikasema, "Marahaba, mwanangu."

Kwa hiyo mwenye harusi, mwenye uzinduzi, mwenye maiki na jina la kachumbari, akinijia tena na maneno yake ya "kidogo tu, Kocha," ajue jibu langu lipo tayari. Hata kidogo.